Saa Isiyo Yetu: LUKU, Keneli na Somo la Ngarambe

Tarehe 24 Novemba 2024 ilipita nchini mwetu kimyakimya. Hapakuwa na hotuba wala maandamano. Hata hivyo ilikuwa tarehe iliyosubiriwa kwa wasiwasi na wahandisi wa nchi nyingi, kwa maana ndiyo siku ambayo mita za umeme wa kulipia kabla, zikiwemo LUKU zetu, zilikuwa zinafika ukingoni mwa hesabu zao za wakati. Kabla ya siku hiyo TANESCO iliwahimiza wateja waboreshe mita zao. Mteja alinunua umeme kama alivyozoea, akapokea tarakimu nyingi kuliko kawaida, makundi ya tarakimu 20, akayaingiza moja baada ya jingine, mita ikakubali, taa zikawaka. Kazi ikaisha.

Hoja yangu katika makala haya ni kwamba kazi haikuisha. Swali ambalo wengi wetu hatukuliuliza siku zile ni swali zito la kisiasa kuhusu teknolojia katika utumishi wa umma: ni nani aliyeianzisha saa hiyo, ni nani mwenye ruhusa ya kuirekebisha, na sisi tuna kiti gani katika meza inayoamua mambo hayo? Nitalijadili kwa kupitia jambo ambalo hakuna mwanasiasa atakayelitaja jukwaani, nalo ni namna vipima muda vinavyoitwa ndani ya keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi wa kompyuta. Namwomba msomaji asiye mtaalamu avumilie aya chache. Wananchi wasio wanasheria huisoma Katiba ibara kwa ibara na kubishana juu ya koma. Hakuna sababu ya watu hao hao kuikimbia mistari michache ya msimbo inayoyatawala maisha yao kila siku.

Dakika 16,777,216

Mfumo wa tarakimu 20 unaotumiwa na mita zetu unaitwa STS. Haukuzaliwa Ulaya. Ulizaliwa Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati nchi ile ilipokuwa inatafuta njia ya kuuza umeme kwa kaya zilizokuwa zimeachwa gizani, na baadaye ukawa kiwango cha kimataifa. Kila tokeni hubeba ndani yake dakika ambayo ilitolewa, ikihesabiwa tangu tarehe 1 Januari 1993. Mita huzikumbuka hesabu hizo ili mtu asiingize tokeni ileile mara mbili. Wasanifu waliitengea hesabu hiyo nafasi ya biti 24, na biti 24 hutoa hesabu 16,777,216 tu. Gawanya dakika hizo kwa 60, kisha kwa 24, utapata siku 11,650 na ushei, ambazo ni kama miaka 31 na miezi 11. Zihesabu kuanzia Januari 1993, utaangukia tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya hapo hesabu hurudi sifuri, na tokeni iliyotolewa leo huonekana machoni mwa mita kuwa ya kale, ikakataliwa.

Tiba ilikuwa kuipa kila mita ufunguo mpya na mwanzo mpya wa kuhesabu, mwaka 2014. Ndiyo maana ya yale makundi ya tarakimu tuliyoyaingiza. Saa hii mpya nayo itafika ukingoni Novemba 2045. Mtoto anayeanza darasa la kwanza sasa atakuwa mtu mzima mwenye familia, na huenda akawa ndiye anayesimama mbele ya mita akiingiza tarakimu zisizo na maelezo.

Siwalaumu waliochagua biti 24. Tarakimu 20 zenyewe ni mzigo kwa bibi anayeziingiza gizani kwa mwanga wa kibatari, na kila biti iliyoongezwa ingeurefusha mzigo huo. Ninachosema ni kwamba kila saa huanza pale anaposimama aliyeitengeneza. Saa ya Kiswahili huanza kuhesabu jua linapochomoza, kwa sababu mkulima na mvuvi ndio walioihitaji. Saa ya kompyuta zenye asili ya Unix huanza tarehe 1 Januari 1970, kwa sababu iliwafaa watu wa maabara moja ya Marekani. Saa ya LUKU ilianza 1993, kwa sababu iliwafaa wahandisi wa Afrika Kusini. Na kwa kuwa wahandisi wa Afrika Kusini walikuwamo tangu mwanzo, wao waliijua tarehe ya mwisho tangu mwanzo. Sisi tuliijua kwa tangazo.

Kinachotokea ndani ya keneli

Sasa nishuke ngazi moja, hadi mahali ambapo wakati wa mashine unapikwa.

Keneli ni ile sehemu ya mfumo endeshi inayozungumza na chuma chenyewe: kumbukumbu, diski, kadi ya mtandao, skrini. Keneli iitwayo Linux, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Helsinki, ndiyo iliyo chini ya kila simu ya Android, chini ya seva nyingi za intaneti na chini ya ruta nyingi zinazowaka taa za kijani katika ofisi zetu. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022, vikagawiwa walimu baadaye, ni vya ukoo huo pia. Ili keneli itumie kifaa fulani huhitaji programu ndogo inayokijua kifaa hicho. Programu hiyo huitwa kiendeshi.

Viendeshi vingi huhitaji kuujua wakati. Kiendeshi hutuma amri kwenye kifaa, kisha huiambia keneli: kisiponijibu baada ya sekunde mbili, niamshe. Ombi hilo ndilo kipima muda. Kwa miaka mingi mwandishi wa kiendeshi aliita init_timer, au setup_timer, akataja utaratibu utakaotekelezwa muda ukitimia, na kando yake akajaza nafasi moja ya namba tupu. Ndani ya namba hiyo aliweka anwani ya kifaa chake katika kumbukumbu, ikiwa imevuliwa utambulisho wake wote. Muda ukitimia, keneli iliuita utaratibu ule na kuukabidhi namba ile.

Mpangilio huo ulikuwa na kasoro mbili. Ya kwanza, kwa kuwa namba ilikuwa tupu, kompaila haikuweza kutambua kama mwandishi ameukabidhi utaratibu kifaa kisicho chake. Alikuwa kama karani anayepokea bahasha isiyoandikwa jina na kuipeleka anakoelekezwa bila kuuliza. Ya pili ni nzito zaidi. Utaratibu wa kutekelezwa na namba ya kukabidhiwa vilikaa jirani katika kumbukumbu. Mhalifu aliyepata upenyo wa kuandika mahali pale aliweza kuchagua vyote viwili kwa mkupuo mmoja: kitendo na kitendewa. Akishafanya hivyo, usukani wa mashine ni wake.

Mwaka 2017, katika juhudi za kuiwezesha keneli kujilinda yenyewe, Kees Cook na wenzake walileta wito mpya, timer_setup. Nafasi ya namba tupu ikafutwa. Tangu hapo utaratibu hukabidhiwa kipima muda chenyewe, na hadi mwaka 2025 kiendeshi kilitumia wito mwingine, from_timer, kukipata kifaa ambamo kipima muda hicho kimo, huku kompaila ikikagua kwamba aina zinalingana. Mageuzi hayo yaligusa mamia ya faili. Mengi yalifanywa kwa msaada wa Coccinelle, zana iliyotengenezwa na watafiti wa Ufaransa, ambayo hubadili msimbo kwa kufuata kanuni uliyoiandikia. Yaliyobaki yalifanywa kwa mkono, faili baada ya faili. Toleo la 4.15, lililotoka Januari 2018, likaifuta kabisa miito ya zamani. Mwaka 2025 majina yakabadilishwa tena: kilichoitwa del_timer kikawa timer_delete. Wanaoitunza keneli hawajawahi kuficha kwamba miito ya ndani haina ahadi ya kudumu; wanaibadilisha kila wanapoona ni lazima.

Kwa kiendeshi kimoja cha kawaida, mabadiliko ya mwaka 2017 ni mistari michache. Mwanafunzi makini wa mwaka wa tatu anaweza kuyafanya asubuhi na kuyajaribu mchana. Ana sharti moja tu: awe na msimbo wa kiendeshi hicho. Hapo ndipo siasa inapoanzia.

Kifaa kilichogandishwa

Kiendeshi ambacho msimbo wake umo katika hazina kuu ya Linux kilirekebishwa mwaka ule na watu ambao huenda hawajawahi kukiona kifaa chenyewe. Mmiliki wa kifaa hakulipa hata senti. Kiendeshi kilichofichwa na muuzaji, kikatolewa kwa lugha ya mashine tu na kufungwa kwenye toleo moja la keneli, hakikurekebishwa na yeyote, kwa sababu hapakuwa na wa kukiona. Mnunuzi wa kifaa hicho ana njia mbili: abaki na keneli ya zamani pamoja na nyufa zake zote zinazojulikana hadharani, au akitupe kifaa.

Si mfano wa kubuni. Miaka kadhaa iliyopita taasisi moja ya umma, ambayo sitaitaja, iliniomba ushauri. Ilikuwa na mashine za kusajili mahudhurio kwa alama za vidole, na seva moja iliyokuwa ikizihudumia. Kila tulipoisasisha seva, kisoma alama za vidole kilinyamaza. Muuzaji alikuwa ameleta kiendeshi kilichokwisha kutafsiriwa, bila msimbo, na mkataba haukumdai zaidi ya "msaada wa kiufundi" kwa mwaka mmoja, na mwaka ule ulikuwa umekwisha. Ofisa aliyekuwa na dhamana ya mashine zile, kijana msomi na mwaminifu, aliniambia neno ambalo sijalisahau: "Dokta, kikiacha kufanya kazi Jumatatu asubuhi, mimi nitamjibu nani?" Tukaiacha seva katika hali yake ya kale. Ikaendelea kutunza alama za vidole za mamia ya watumishi nyuma ya mlango ambao kila mwizi wa mtandaoni ana ufunguo wake.

Simlaumu kijana yule. Alirithi uamuzi uliofanywa siku zabuni ilipoandikwa, na watu waliouliza bei, rangi na muda wa kufikisha mzigo, wasiulize msimbo uko wapi. Tumezoea kuiita hali hii tatizo la kiufundi, na kwa kuiita hivyo tunamwachia fundi aibu isiyo yake. Ni tatizo la mkataba, na mkataba ni tendo la kisiasa.

Ngarambe na wale tunaowacheka

Kuna kijiji kusini mwa Mto Rufiji kiitwacho Ngarambe. Kila mwanafunzi wa Tanzania amelisikia jina hilo, kwa sababu ndiko alikoishi Kinjikitile Ngwale, na ndiko, kuanzia mwaka 1904, watu walikomiminika kupokea maji yaliyoaminiwa kuwa yangewakinga na risasi za Wajerumani. Walikuja kutoka Umatumbi, kutoka Ungindo na kutoka pande zote za bonde la Rufiji. Vita vilizuka katika vilima vya Matumbi mwishoni mwa Julai 1905, na Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huohuo.

Nimesikia mara nyingi, hata katika kumbi za vyuo vikuu, Vita vya Maji Maji vikitumiwa kama kichekesho cha ushirikina: eti babu zetu walidhani maji yanageuza risasi. Mimi nasema kicheko hicho kimekosea mlango. Wakulima wale walijua wanachokipinga. Walilazimishwa kulima pamba katika mashamba ya pamoja, wakaziacha konde zao za chakula zikimezwa na magugu na nguruwe. Kilichoporwa kwanza na dola ya Gavana Götzen kilikuwa siku zao: siku za kupanda, za kupalilia na za kulinda mazao. Ngarambe iliwapa watu wa makabila mbalimbali sababu moja ya kusimama pamoja, na hilo lilikuwa jambo jipya katika nchi hii. Hawakuwa na njia ya kuijaribu dawa kabla ya kukutana na bunduki. Hakuna aliyewapa fomula waikague.

Sisi tunayo njia. Msimbo wa Linux uko wazi kwa yeyote mwenye simu na kifurushi cha intaneti. Leseni yake, GPL toleo la pili, inampa anayepokea programu haki ya kupata msimbo wake. Maelezo ya kila badiliko la vipima muda la mwaka 2017 yapo, pamoja na jina la aliyelipendekeza, sababu yake na mabishano yaliyofuata. Pamoja na hayo yote tunapanga foleni, tunapokea tarakimu 20 mara tatu, tunaziingiza na kuondoka. Basi ni nani anayestahili kuchekwa, aliyeamini kitu ambacho hakukuwa na namna ya kukikagua, au anayeamini bila kukagua kitu ambacho kimewekwa wazi mbele yake?

Msomaji atafakari pia ramani. Juu ya mto uleule wa Rufiji, tumejenga Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Mto ni wetu, bonde ni letu, na fedha zilizomwagwa pale ni zetu. Umeme huo ukishafika ukutani mwa nyumba ya mwananchi, hupimwa na kufunguliwa kwa saa ambayo tuliambiwa mwisho wake ulipokaribia. Taifa linaloweza kuuzuia mto haliwezi kudai kwamba limeshindwa kusoma mistari michache ya kiendeshi.

Majibu kwa wapingaji

Hoja ya kwanza ninayokutana nayo husema kwamba dunia imegawana kazi. Wengine hutengeneza, wengine hutumia, na kila nchi haiwezi kuwa na keneli yake. Nakubali sehemu ya mwisho. Sidai keneli ya Tanzania. Ninadai watunzaji Watanzania wa viendeshi vinavyoihudumia Tanzania. Anayenunua gari hatengenezi injini, lakini hakubali kuuziwa gari ambalo boneti yake imechomelewa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Boneti iliyochomelewa inatunyima hata nafasi ya kuuona ufa.

Hoja ya pili husema hatuna wataalamu. Hoja hii ni ya mviringo: hatuwafundishi kwa sababu hatuwahitaji, na hatuwahitaji kwa sababu hatujawafundisha. Kazi kama ile ya mwaka 2017 hufanyika kwa barua pepe. Anayependekeza badiliko huliandika, hulieleza, huweka jina lake na kulituma kwa mtunzaji wa sehemu husika. Haulizwi viza wala nauli. Atakosolewa, pengine kwa ukali, atarekebisha na kutuma tena. Katika mageuzi yenye mamia ya faili zinazofanana palikuwa na nafasi tele za kujifunzia kwa darasa zima. Vyuo vyetu vilikuwa na wanafunzi wenye uwezo wa kuzijaza. Walikuwa wanajiandaa kwa mtihani wa kutaja sifa tano za mfumo endeshi.

Hoja ya tatu husema kitu kisichoharibika kisiguswe. Ndiyo falsafa ya ofisi nyingi, na ndiyo aliyokuwa nayo kijana wa mashine za mahudhurio. Kwa meza ya mbao falsafa hiyo inafaa. Programu iliyounganishwa na mtandao ni kitu kingine: yenyewe haibadiliki, lakini ulimwengu unaoizunguka unabadilika kila siku, na kasoro ambayo jana ilijulikana na wawili leo inajulikana na maelfu. Kutokuiguza ni uamuzi wenye gharama, ila gharama yake haiandikwi katika kasma yoyote.

Hoja ya nne husema kuufichua msimbo ni kuwasaidia maadui. Kasoro ya namba tupu iliyokaa jirani na utaratibu wake iligunduliwa na kuzibwa kwa sababu msimbo ulionekana. Wahalifu huchambua hata programu zilizofungwa, kwa kuwa wana muda na faida. Anayezuiwa na kufungwa kwa msimbo ni yule mwenye nia njema asiye na bajeti, yaani mwalimu, mwanafunzi na mtumishi wa umma.

Mambo ya kufanya

Sipendi makala zinazolia bila kutaja pa kuanzia. Nitataja manne, na kila moja lina mwenyewe.

La kwanza ni la wanaoandika zabuni. Tunayo Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023. Kila zabuni ya kifaa chenye kompyuta ndani yake iwe na vifungu vitatu: muuzaji akabidhi msimbo wa viendeshi au athibitishe kwamba umo katika hazina kuu ya keneli, ataje tarehe ambayo masasisho yatakoma, na kifaa kijaribiwe mbele ya kamati ya mapokezi kwa kuipeleka saa yake mbele, kupita mwaka 2038. Jaribio hilo la mwisho halihitaji maabara. Linahitaji nusu saa na mtu asiyeona haya kuuliza.

La pili ni la Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoundwa kwa Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019. Iwe na daftari linaloonyesha kila mfumo wa umma unatumia keneli ya toleo gani, viendeshi vyake vinatoka wapi na saa yake inakoma lini. Tuna daftari la magari ya serikali lenye namba za injini. Kifaa kinachotunza alama za vidole za raia kina haki ya kuandikwa angalau kwa uangalifu huohuo.

La tatu ni letu sisi wahadhiri. Tumejijengea mfumo wa kupandishana vyeo ambao humtuza aliyechapisha makala katika jarida lisilosomwa, na haumpi hata alama moja aliyerekebisha kiendeshi kinachotumika katika mamilioni ya vifaa. Badiliko lililokubaliwa na watunzaji wa keneli limepitiwa na wenzake kwa ukali kuliko makala zetu nyingi. Tulihesabu kama kazi ya kitaaluma, na tuliweke katika mitihani: mwanafunzi apewe kiendeshi cha mwaka 2016, akifanyie kazi hadi kitafsirike kwa keneli ya leo, na aeleze kwa Kiswahili sanifu kila mstari alioubadilisha na sababu yake. Nasisitiza Kiswahili kwa makusudi. Jambo ambalo haliwezi kuelezwa kwa lugha inayotumiwa Bungeni haliwezi kuhojiwa Bungeni.

La nne ni la wanaharakati. Mmefanya kazi kubwa kudai uwazi wa mikataba ya madini na gesi. Ongezeni swali moja katika orodha yenu: msimbo uko kwa nani? Muulize hivyo kuhusu mita, kuhusu mashine za risiti, kuhusu vifaa vya kuandikisha wapiga kura. Jibu likiwa "uko kwa muuzaji", basi sehemu ya mamlaka ya umma imehamishwa bila kura kupigwa, na raia ana haki ya kujua kwa miaka mingapi na kwa masharti gani.

Jumanne moja asubuhi

Mashine nyingi za zamani huhesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970 katika nafasi ya biti 32, moja ikiwa ya alama ya kutoa au kujumlisha. Hesabu hiyo itajaa Jumanne, tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu. Sekunde inayofuata, mashine isiyorekebishwa itaamini kwamba iko mwaka 1901. Keneli ya Linux ilikwisha kuandaliwa: baada ya miaka ya kazi iliyoongozwa na Arnd Bergmann, toleo la 5.6 la mwaka 2020 liliwezesha hata kompyuta za biti 32 kuivuka tarehe hiyo. Tiba ipo na haiuzwi. Itawafikia wale tu ambao vifaa vyao vinakubali keneli mpya, na kifaa kilichogandishwa na kiendeshi kilichofichwa hakiikubali.

Tofauti ya tarehe hii na ile ya Novemba 2024 ni kwamba haina mlinzi mmoja. LUKU ilikuwa na shirika moja la kuwakumbusha wateja na chama kimoja cha kiwango kilichoandaa funguo mpya. Mwaka 2038 utagonga kwa pamoja lango la zahanati, mizani ya barabarani, pampu ya maji ya kijiji na seva ya halmashauri, kila kimoja kikiwa na muuzaji wake, na wengine wa wauzaji hao watakuwa wamekwisha kufunga biashara. Vifaa vinavyonunuliwa katika mwaka huu wa fedha vitakuwa bado vinafanya kazi siku hiyo, kwa sababu serikali zetu, kwa busara ya umaskini, hutumia kifaa hadi kife.

Kwa hiyo uamuzi wa mwaka 2038 unafanyika sasa, katika vikao vya zabuni vya wiki hii. Mtumishi unayesoma makala haya na ambaye kesho utaketi katika kikao kama hicho, huhitaji kujua kuandika timer_setup. Inua mkono, muulize muuzaji msimbo wa kiendeshi uko wapi, na usikubali jibu lisiloandikwa katika mkataba.